Gia Kumi na Nne za Profesa

Profesa hakuwahi kumfundisha hata kuku kunywa maji. Jina alijipa mwenyewe na mji ukalizoea. Jumamosi moja, chini ya kilima cha tangi la maji, alimwona mama mwenye duka la dawa akiikokota baiskeli inayong'aa kama meno ya mgombea ubunge, huku wifi yake akimcheka kutoka kileleni.

"Gia kumi na moja, na mwenyewe anatembea," alijisemea. "Mola hamtupi mja wake."

Alikuwa na baiskeli yake kuukuu ya gia nane. Akakata vyuma sita vya meno kutoka kwenye makopo ya rangi, akavibandika kwa gundi nyuma ya vile nane, na Jumatatu akaingia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Mimi mzima. Mgonjwa ni baiskeli yako. Kumi na moja tu? Wenzako wako kumi na nne!"

Mama akatoka nje, akaiinamia baiskeli ya Profesa, akahesabu. "Meno yamebanana hivi, cheni itapita wapi?"

"Cheni nyembamba, mama. Mlima haupendi wanene."

"Chembamba hukatika."

"Kitakachokatika ni kauli ya wifi yako."

Mama alicheka mpaka miwani ikamponyoka. "Tubadilishane hivihivi? Nisiongeze kitu?"

"Huruma itaniua, mama."

Mama akamfutia hata tandiko la ile inayong'aa kwa kitambaa. Profesa akaona huruma kidogo, kama chumvi kwenye yai, ikayeyuka. Akapanda, akaondoka mbio kabla mteja hajapata akili.

Katikati ya kilima aliweka gia nyepesi kuliko zote. Cheni ikalia *kwa!* ikakatika. Goti likagonga usukani, spoki zikaachia moja baada ya nyingine, na gurudumu la nyuma likapinda kama sikio la mbuzi. Akaikokota hadi kwa fundi baiskeli wa kando ya barabara.

Fundi aliitazama akatabasamu. "Hii ya mama wa dawa! Nilimkataza. Nafasi ya gia nane ukishindilia kumi na moja, vyuma vinakuwa vyembamba, cheni nyembamba, na spoki za upande ule zinasimama wima. Gurudumu halina nguvu tena. Nikamwambia, tafuta ya gia nane, itadumu mpaka ikuzike. Akasema hajapata mjinga wa kubadilishana naye."

Mara mama huyo akapita akipanda mlima juu ya ile kuukuu, taratibu bila kushuka, wifi yake nyuma akihema.

"Mwanangu!" akapaza sauti. "Yale mabati sita nimeyabandua kwa mkasi wa plasta. Hizi nane asali tupu! Mungu akuzidishie!"

Akapotea juu. Profesa akaketi juu ya tairi bovu, akajipapasa goti lililovimba.

"Nikutengenezee?" fundi akauliza.

"Ngoja kwanza," alisema Profesa, akiifuta vumbi baiskeli kwa mkono wa shati. "Hapa mtaani, nani mwingine ana wifi anayemkera?"