Mke wa Siri wa Babu

Jumatatu, Agosti 3

Riwaya yangu ya ukoo inakaribia mwisho. Vizazi vinne! Babu na ng'ombe wake kule Masisi, baba na vitenge vyake Goma, dada yangu Cansilde na duka lake la simu hapa Gisenyi, na binti yake Uwera, anayeposwa Jumamosi. Msomaji sijapata hata mmoja. Lakini Jumamosi ni gusaba: watu wa bwana harusi watakuja kumwomba Uwera, na ukumbi mzima utakaa kitako kumsikiliza msemaji wetu. Msemaji huyo lazima niwe mimi. Cansilde amekataa. Amemchagua binamu yetu Gad kwa sababu, anasema, Gad anajua kunyamaza. Msemaji wa kunyamaza! Nimeumia sana.

Jumatano, Agosti 5

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimemtembelea Gad, nikamsifu sauti, nikamweleza kwamba wasemaji wakubwa wa zamani walikwenda Rubona asubuhi kupigia ziwa kelele. Amekwenda.

Nikarudi kwenye riwaya. Tatizo ni babu. Mke mmoja, hana ugomvi, hana siri. Maharage bila chumvi. Nimempa mke wa siri huko Bugeshi, maana Jado, bwana harusi, ni wa huko, na wageni watafurahi. Nimemwita Mukandutiye, jina la bibi yake Jado mzaa baba. Marehemu, nadhani. Heshima kubwa.

Ijumaa, Agosti 7

Gad hana sauti. Anaongea kwa mikono.

Cansilde ameniita shingo upande niwe msemaji. Ameniapisha: nikatae kidogo kama desturi inavyotaka, niseme msichana ameshaposwa kwingine, watu wacheke, kisha nimtoe. Nimeapa. Hakusema nikatae kwa maneno gani.

Jumamosi, Agosti 8

Nilikataa vizuri mno. Nilisema hatutoi msichana kwa watu wasiojua ukoo wetu, nikaanza sura ya kwanza. Nilipomfikisha babu Bugeshi, mlangoni kwa Mukandutiye, nikaongeza mtoto wa kiume. Sijui alitoka wapi huyo mtoto.

Mzee Karenzi, baba yake Jado, akasimama. Alisema pole pole:

“Mukandutiye ni mama yangu. Na mi ndiye mutoto wake mumoja tu. Bon. Kama babu yenu ni baba yangu, hawa batoto ni ndugu. Hatuwezi kuoa ndugu.”

Wazee wao wakaanza kuvaa kofia. Uwera akatoka nyuma ya pazia kabla ya wakati wake, machozi yakiharibu poda. Nikapendekeza kumhamishia mtoto Cyanzarwe, jirani na Bugeshi. Cansilde akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

“Sema kweli, Donat. Ao usiniite tena dada.”

Sura nzuri kuliko zote, niifute! Lakini nilimwangalia Uwera, nikaona aibu. Nikasema mbele ya watu wote kwamba huyo mke nilimtunga mimi, na mtoto pia.

Hapo kikongwe mmoja wa mstari wa mbele akaomba kipaza sauti. Mukandutiye mwenyewe. Mzima kabisa!

“Mi nilijua bwana mumoja tu,” alisema, “na alikuwa anakoroma. Mupeni Jado muke wake, tukunywe.”

Walicheka mpaka ng'ombe wa mahari akasahauliwa. Uwera ametolewa. Familia imenipiga marufuku kushika kipaza sauti.

Jumatatu, Agosti 10

Bibi Mukandutiye amenitumia mtu. Anataka niandike riwaya ya ukoo wake, ila iwe kweli tupu. Amesimulia asubuhi nzima: viazi, mvua, watoto, kanisa. Nimemwahidi kweli tupu.

Nimeshaanza. Mumewe nimempa pacha aliyepotea mpakani, akazaa watoto Cyanzarwe. Nasikia mdogo wake Jado anachumbia huko huko. Haidhuru, nao wana gusaba Desemba, na bado hawajapata msemaji.