Malalamiko Kuhusu Mpini, Msiro na Tumbo Langu

Palma, 11 Novemba 2013

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Bastola za Upepo

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA MASHINDANONI KWA SABABU YA MWILI WANGU

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wajumbe wako. Mimi ni Mwanaamina Shamte, mpishi wa kambi ya gesi, yule mwanamke aliyepata alama tisini na tatu Jumamosi, kisha akaondolewa kwa kosa la kubadili vifaa. Aliyenifuatia, Bwana Rafique wa stoo, alipata sabini na moja. Sasa yeye ndiye anayekwenda fainali Pemba kwa ndege ya kampuni.

Sina ugomvi na Rafique. Ninachokitaka ni kiti chake. Mimba yangu ina miezi minane, na hospitali kubwa ya mkoa wetu iko huko huko Pemba. Mtoto wangu wa kwanza nilimpoteza njiani kwenda huko, msimu wa mvua wa mwaka juzi, gari limenasa kwenye tope kabla hatujafika Mocímboa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini najua hiyo si hoja ya kisheria, kwa hiyo naiweka kando na kuingia kwenye kitabu chenu cha sheria.

1. Mpini. Mkaguzi wako, Bwana Dauto, aliitia bastola yangu katika lile sanduku la kupimia, kifuniko kikakataa kufunga. Ni kweli, mpini niliubadili. Mheshimiwa, huku kwetu jembe linauzwa bila mpini, na shoka vilevile. Kila mtu hujichongea wa kumfaa. Mlipotuazima bastola zenye mipini ya plastiki, nilidhani imewekwa kwa ajili ya safari tu, zisichubuane kwenye kasha. Nikampelekea fundi Orlando wa Pundanhar, akanichongea wa mpingo. Orlando ni Mmakonde, na mpingo hauachi mpaka aupe uso. Kilichozuia kifuniko ni pua. Nilijitolea kuikata hapo hapo, nikakataliwa. Bwana Dauto akaniambia mchagua jembe si mkulima. Namkumbusha kwa heshima kwamba jembe sikulichagua, mlinipa ninyi.

2. Msiro. Kifungu cha tisa kinakataza kitu chochote cha kupunguza mng'ao wa jua machoni. Bwana Dauto alinitazama usoni, akaandika: msiro. Huo ni mti unaosagwa juu ya jiwe na wanawake wakajipaka wapendeze. Bibi yangu alijipaka miaka sitini na hakuwahi kumlenga mtu. Hata hivyo nikaunawa. Ndipo akaiona hina kwenye kidole cha kufyatulia, akaandika kwamba inakizuia kuteleza. Hina haitoki kwa kunawa, Mwenyekiti. Ilikuwa ya harusi ya wifi yangu.

3. Ushungi. Eti unakinga jicho kwa zaidi ya sentimita nne pembeni, kwa hiyo ni kifaa kisichosajiliwa. Niliuvuta nyuma kadiri dini inavyoruhusu. Rula ikasema bado.

4. Tumbo. Hapa nilitokwa na machozi, na sioni haya kuyaandika. Kifungu cha kumi na mbili kinakataza egemeo au uzito wa kumtuliza mshindani. Bwana Dauto akaandika kwamba nina uzito wa mbele ambao sikuutaja nilipojiandikisha. Nilijiandikisha mwezi wa nne, Mheshimiwa. Hata mimi nilikuwa sijaujua. Uzito huu haukufungwa kwa ajili ya mashindano. Hauwezi kuvuliwa mbele ya waamuzi na kurudishwa. Tena hautulii: kwenye risasi ya saba ulinipiga teke, nikapata nne. Kifaa kinachompiga teke mwenyewe kitaitwaje msaada? Na tumbo la Bwana Rafique, ambalo ni la siku nyingi kuliko langu na halina mwezi wa kutoka, halikuandikwa popote.

5. Ustadi. Nimekulia Nhica do Rovuma, nikilinda mpunga kwa manati tangu nina miaka sita. Ndege wa kule wananifahamu. Nipeni bastola kama ilivyotoka dukani, nivisheni gunia mwili mzima, bado nitapiga katikati. Ustadi wangu uko mkononi, hauko tumboni, na yeyote anayesema vinginevyo ananivunjia heshima.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe alama zangu na kiti changu. Ikishindikana, naomba matumbo ya washindani wote yaingizwe katika lile sanduku, na kifuniko kifungwe.

Nisalimie wajumbe, mama watoto, na majirani zako wote. Msalimie pia Bwana Dauto, ambaye wali wake wa mchana ninampakulia kama zamani, bila kuupunguza.

Wako katika kulenga shabaha,
Mwanaamina Shamte

Nyongeza, 20 Novemba. Barua ilikuwa bado haijapata wa kuileta. Alhamisi asubuhi nilijifungua hapa nyumbani, kabla ya siku zangu, mikononi mwa mkunga Atija. Ni mtoto wa kike, mzima, analia mpaka msikitini wanamsikia. Nimefurahi hata siwezi kuandika vizuri. Leo nimeijaribu bastola yenu nikiwa mlangoni, maana niko ndani ya arubaini na sitoki. Risasi kumi: moja imeingia kwenye ndoo ya jirani, tisa hazijulikani ziliko. Bwana Dauto alisema kweli, lilikuwa tumbo. Naondoa malalamiko yangu yote, namba moja mpaka tano. Kiti sikiondoi. Mpeni Ancha, mwenye ndoo. Mimba yake ina miezi minane na miguu imemvimba. Hajawahi kushika bastola maishani mwake, na mvua zimeanza.