Roboti ya Mlangoni kwa Mzee Sudi

Leo yamenikuta. Yamenikuta kule Mpanda mjini, mchana kweupe, suruali yangu ya kanisani ikiwa na vumbi magotini, mbele ya mashahidi wa kutosha kujaza behewa. Nawaandikia nyie mlioko Tabora mapema, maana treni ikiwafikishia habari hii kabla yangu itakuwa imeshatiwa chumvi, na yenyewe haihitaji chumvi.

Restituta mnamjua. Mnajua pia kwamba wazazi wake hawana neno na mimi. Tatizo ni shangazi yake. Katika ukoo wao, ukoo wa Kifipa hasa, binti haposwi mpaka shangazi amtazame kijana na kusema ndiyo. Shangazi anakaa Namanyere, na leo jioni ndiyo alikuwa anakuja kunitazama. Akikubali, napeleka posa baada ya mavuno. Akikataa, narudi Litapunga kulima mahindi yangu na kuyala peke yangu.

Restituta alinifundisha. "Deo, ukimwona tu, chuchumaa. Piga makofi taratibu, mwamkie, halafu subiri. Hata akinyamaza, wewe subiri. Yeye mtihani wake ni salamu tu."

(Wiki nzima nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Mbuzi waliridhika.)

Asubuhi nikapanda baiskeli kwenda mjini kununua kitenge cha zawadi. Nikaenda dukani kwa Mzee Sudi, kule karibu na soko. Mlangoni kasimama mama mmoja mwenye mwili wake, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kilemba cha kitambaa hicho hicho, mkono mmoja ameuinua usawa wa uso. Akanitikisia kichwa.

Sasa niambieni. Mama wa umri ule akutikisie kichwa na wewe hujamwamkia, hiyo ni aibu ya nani? Na mimi mazoezi ya wiki nzima yamejaa mwilini. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi.

"Shikamoo mama."

Kichwa kikatikisika. Marahaba hakuna. Nikakumbuka masharti, nikasubiri.

"Habari za nyumbani, mama?"

Kichwa.

"Watoto hawajambo?"

Kichwa.

"Na mashamba?"

Hapo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Ni Nestori, fundi viatu anayeshonea kwenye baraza ya duka lile. "Bwana Deo," akasema, "muulize na mvua za huko kiwandani zikoje."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Nikamtazama vizuri yule mama. Uso wa plastiki. Macho ya kuchora. Mzee Sudi kaileta roboti kutoka Dar kwa treni ya juzi, ndani imejaa betri, kazi yake kutikisa kichwa na kuvutia wateja.

Mzee Sudi akatoka nje akijifuta machozi. "Usijali, kijana. Wameshaiamkia wengi. Kuna mzee wa Magamba kaondoka amenuna, anasema nimeweka mlangoni mwanamke asiye na adabu."

Akaanza kuisifu. Haichoki, haichelewi, haiombi chai. Zuhura, binti aliyekuwa anakaa mlangoni kuita wateja siku zote, sasa kahamishiwa ndani kukunja vitenge. "Na haijui kusema karibu," Zuhura akadakia kutoka huko ndani, na akasonya sonyo ndefu ambayo naamini roboti ilikuwa imeizoea.

Nikacheka na mimi, kile kicheko cha mtu aliyeanguka akasema alikuwa anapumzika. Moyoni iliniuma sana. Nikanunua kitenge changu, nikamwachia Nestori kiatu cha kushoto akishone kisigino, akaniazima kandambili. Nikiondoka nikageuka kuiangalia ile roboti. Ikanitikisia kichwa tena, mshenzi yule.

Nikakaa mgahawani na chai yangu, nikila kiapo. Leo sidanganywi tena na mtu yeyote wa plastiki.

Saa tisa nikarudi kuchukua kiatu. Nestori hayupo, kaenda kula. Barazani wamekaa watu wawili watatu. Na mlangoni, pale pale, kitenge kile kile cha bluu na maua ya njano, kilemba kile kile, mkono umeinuliwa usawa wa paji la uso, uso wote uko kivulini. Inanitazama.

Nikasema hapa hapa. Nikaisogelea.

"Wewe ndiye uliyeniumbua asubuhi, siyo?"

Shingo ikageuka kidogo kunifuata. (Nikajisemea, kumbe inageuka na shingo, hawa wenye viwanda wana akili kweli.)

"Mimi ni mtu wa kupigia plastiki magoti?"

Kichwa kikatikisika polepole, kama kusema endelea. Nikaendelea. Nikakunja kidole nikaigonga kichwani, juu ya kilemba, ko ko ko.

"Tupu humu. Hamna kitu."

Nikawageukia wale wa barazani ili safari hii tucheke pamoja. Hawakucheka. Mmoja kajiziba mdomo, mwingine kainuka amesimama. Pale mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikaona wameshikwa na mshangao kwa ujasiri wangu.

"Ila nikwambie ukweli," nikaiambia, na sauti nikaipandisha kidogo, "huyo shangazi anayekuja kunikagua jioni, ningeomba awe kama wewe. Atikise kichwa, asiseme neno, mimi nioe, yeye arudi kwao."

Halafu nikaingiza vidole chini ya kilemba, nyuma ya sikio, kutafuta pa kuizimia.

Nikakuta nywele. Nikakuta sikio, na lile sikio lilikuwa la moto.

"Swichi umeiona, baba?" roboti ikauliza.

Mkono ukabaki palepale, haukujua pa kwenda. Restituta akatoka ndani ya duka kabeba nguo za safari zilizojaa vumbi, na nyuma yake, kwenye kona, nikaiona roboti halisi imezungushiwa shuka jeupe. Lori la kutoka Namanyere liliwahi. Shangazi kafika amechafuka, kapitia dukani, kakipenda kile kitenge cha bluu, na kilikuwa kimebaki kile kile kilichovaliwa na roboti. Mzee Sudi akaivua, akamuuzia, shangazi akakivaa humo humo. Kisha akatoka mlangoni kumsubiri Restituta, akaweka mkono usoni kwa sababu ya jua. Nilipomsogelea alinyamaza, maana yeye ni mkubwa, alikuwa anangoja kuamkiwa.

"Shangazi," Restituta akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba, "huyu ndiye Deo."

Sikuchuchumaa. Nilianguka magoti yote mawili. Nikapiga makofi. "Shikamoo shangazi."

Hakujibu. Safari hii hata kichwa hakutikisa.

Nikasubiri. Watu wakaanza kuja kutoka sokoni. Aliyekuja alielezwa na aliyemtangulia, na kila aliyeelezwa alikaa. Muuza karanga akapita katikati yao, na nilimwona kwa macho yangu jamaa mmoja ananunua, anakunja miguu, anakaa vizuri. Nestori akarudi na kiatu changu mkononi, akashindwa aniletee au aniache. Masikio yananiwaka. Baiskeli yangu imeegemea ukuta, hatua chache tu. Nikaitazama. Nikamtazama Restituta, naye ananitazama mimi, amebana zile nguo kifuani, na macho yake yameanza kulowa. Niseme wazi, nampenda yule binti. Sikujua ni kiasi gani mpaka nilipoona naweza kukimbia na miguu haitaki.

Nikaendelea kupiga makofi. Magoti yakafa ganzi. Mzee Sudi akasema, "Mama, msamehe, ni makosa ya mashine yangu." Shangazi akamwangalia mara moja tu, Mzee Sudi akarudi ndani ya duka lake mwenyewe.

Mwishowe: "Marahaba."

Sikuwahi kusikia neno tamu kama lile.

"Umenigonga kichwa."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukasema tupu."

"Ndiyo, shangazi."

"Watu wanakucheka hapa tangu saa ngapi sijui. Mbona hukimbii?"

Nikamtazama Restituta tena. "Nikikimbia, shangazi, yeye atabaki."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili za Nestori. Akamgeukia Restituta.

"Macho hana huyu," akasema. "Mume wangu alikuwa na macho mazuri sana. Alikwenda Sitalike kununua viberiti, mpaka leo hajarudi. Wewe kijana, inuka. Posa ije."

Sikuweza kuinuka. Miguu ilikuwa imekufa kabisa. Nestori na yule jamaa aliyenunua karanga ndio walioninyanyua, mmoja kila upande, na hivyo ndivyo nilivyokubaliwa ukweni, nikiwa nimebebwa.

Kwa hiyo baada ya mavuno naoa, na nyie njooni. Njiani kurudi Litapunga nimeamkia kila kilichosimama wima, zikiwemo nguzo za simu. Chekeni. Afadhali kuamkia nguzo zote za mkoa huu kuliko kumpapasa mkwe ukitafuta pa kumzimia.