Ukoko wa Zama za Kati

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Nimegombezwa kwa kosa la kuwa msafi.

Kazi yangu pale makumbusho ni kusafisha vitu vya kale vinavyotoka shimoni. Wanachimbua kiwanja ambacho huko zama za kati kilikuwa na majiko ya watu wakubwa, na kila siku tunaletewa vipande vya sufuria za shaba zilizokuwa na miguu mitatu. Mguu, mpini, mdomo, mguu tena. Watu wale walivunja vyombo jamani. Wiki iliyopita nikapewa kipande kizuri kuliko vyote, kitako cha sufuria kikiwa bado na mguu wake mmoja. Nikakipa heshima. Nilikisugua kwa waya wa kusugulia masufuria niliotoka nao nyumbani mpaka nikajiona uso, isipokuwa kwenye kishimo kidogo pale mguu ulipoanzia, ambako waya haukuingia.

Leo Daktari, mama anayetuongoza, amekiona. (Ni daktari wa vitu vya kale, ukiumwa tumbo hana msaada.) Akasema, kwa ule upole unaoumiza, kwamba ndani ya kitako kile palikuwa na ukoko wa chakula kilichoungua miaka mia sita iliyopita, na ukoko ule ndio ungetuambia watu wale walikula nini. Mimi nimeuosha wote. Nikamuuliza, kwani si ndiyo sasa chombo kimekuwa safi? Akatoka nje kidogo kupunga upepo.

Brashi alikenua meno yote. Brashi ni dada wa meza ya pili, mwenzangu kwa bahati mbaya. Anasafisha kwa mswaki, kijipande kimoja kutwa nzima, na leo asubuhi kapata ukoko wa ukubwa wa ukucha. Daktari almanusura amkumbatie.

Kisha likaja lenyewe. Daktari akasema mwisho wa mwezi, kati yangu na Brashi atabaki mmoja. Nisipobaki mimi, najua ninakokwenda. Tunaishi vyumba vya uani kwa baba mkwe, na baba mkwe ana kuku, na tangu nimeoa binti yake ananitazama kama mtu aliyekwisha kuninunulia koleo la kuzolea mavi ya kuku. Sitaki. Nimesoma mimi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata dawa. Kama ukoko umetoka, utarudi. Sufuria za kwetu zinaoshwa kila siku na kesho yake zina ukoko mpya. Daktari hajawahi kulifikiria hilo, pamoja na vyeti vyake.

Nimekileta kile kitako nyumbani ndani ya mfuko wa chakula. Si wizi. Kesho kinarudi, tena kikiwa na thamani zaidi.

Nikamwomba mke wangu apikie humo mchuzi na auunguze. Nilisema kwa adabu kabisa. Akaniuliza ni lini amewahi kuunguza chakula. Nikamwambia ndiyo maana namwomba leo. Akasema kama nimechoka na mapishi yake niseme tu, nisizunguke mbuyu. Tangu hapo hatusemeshani. Nimepika mwenyewe.

Kupika kwenye kipande cha sufuria chenye mguu mmoja si mchezo. Kililalia upande huu, kikalalia upande ule, mwisho nikakiegemeza kwa matofali. Nikatia nyama, kitunguu, na nyanya ili rangi ikolee. Moshi ukajaa ua mzima, kuku wakakimbilia ukutani. Hapo ndipo baba mkwe alipopita. Akanitazama mimi, akatazama kile kipande, akatazama matofali, kisha akaenda zake na mkono mdomoni. Nadhani alivutiwa na ubunifu.

Ukoko umeshika vizuri sana. Nimeukwangua kote, nikaubakiza kwenye kile kishimo tu, halafu nikapaka majivu na udongo. Ukiuona unaweza kuusalimia shikamoo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ushindi mtupu. Nilimwambia Daktari kwamba nimekitazama tena kwa makini na kumbe kuna ukoko umejificha pale waya usipofika. Alifurahi mpaka akaniomba radhi kwa maneno ya juzi. Nikamwambia yameisha, hata mimi ningekasirika.

Brashi akaja kunusa. Eti kinanuka kitunguu. Nikamwambia hata zamani watu walikula vitunguu, ajisomee.

Daktari akajifungia na hadubini mchana wote. Alipotoka, uso ulikuwa umebadilika. Ameona mbegu. Mbegu ya nyanya, na ganda lake. Akatueleza kwamba zama zile nyanya ilikuwa bado haijafika upande huu wa dunia, haijafika kabisa, hakuna aliyeijua hata kwa ndoto. Nani aliwahi kunifundisha historia ya nyanya?

Kumbe hakuwa amekasirika. Alikuwa na furaha inayotetemeka. Akasema ikiwa ni kweli, vitabu vyote vya somo hili vitaandikwa upya na jina langu litatajwa. Akanishika bega, akaniita mwanangu. Kwa haki ya Mungu nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ukweli. Lakini alipofika kwenye jina langu nikaona nisimkatize mtu mzima.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Brashi amenivuta pembeni. Akaniuliza juzi nyumbani tulikula nini. Nikamwambia hayamhusu. Akasema Daktari amempigia simu profesa aliyemfundisha, anakuja kesho, na Daktari, mama wa watu, akitangaza nyanya ya uongo atachekwa mpaka astaafu. Akanisihi nikaseme leo hii, tena akasema yuko tayari kunisindikiza. Nikamwambia wivu utamuua.

Baadaye Daktari akaniita ofisini anisomee hotuba yake ya kesho. Amenitaja mara mbili, na mara ya pili ameniita mtu mwenye jicho la pekee. Niliona haya. Niliona haya kweli, masikio yakawaka moto, nikaiacha ipoe chai aliyonimiminia. Huyu mama hajawahi kunikosea.

Kwa hiyo nikaamua kumsaidia. Nyanya moja inatia shaka. Nyanya nyingi ni historia. Wakati Brashi amekwenda kula, nimepachika mbegu chache mbichi, za nyanya ya chakula changu, kwenye vipande vyake viwili. Yeye naye atanishukuru siku moja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Profesa ni mama mmoja mrefu, mkavu, hacheki. Akainamia hadubini muda mrefu. Akauliza kwa nini mbegu za kwenye vipande vya Brashi bado zina majimaji. Nikajibu haraka kwamba ni unyevu wa ardhini. Brashi akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, lakini hakunichongea. Daktari alikuwa amenyoosha suti na kushika karatasi zake kifuani. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Mara mlinzi akaingia kusema kuna mgeni wangu. Nyuma yake, baba mkwe. Begani amebeba sufuria mpya, kubwa, na kifuniko chake.

Hakunisalimia mimi, alimsalimia Daktari. Akasema yeye ni mzazi na amekuja kama mzazi. Akasema Jumanne alimkuta mkwewe anapikia kwenye kigae cha sufuria kilichoegemezwa kwa matofali, na tangu siku hiyo usingizi umempaa. Hakujua kwamba hali imefika huko. Akajilaumu yeye mwenyewe, machozi yakimlengalenga, kwamba kijana anadhalilika hivyo naye yupo hai na ana kuku. Akaomba sufuria ile nipewe mbele ya mashahidi, nisije nikaona haya kuipokea nyumbani. Halafu akanigeukia na kuniuliza kama nyama ile iliiva, maana alisikia harufu ya kuungua.

Profesa akamuuliza kwa heshima kama mle kwenye kile kipande palikuwa na nyanya. Baba mkwe akasema alizinusa tangu getini.

Daktari hakunifokea. Alizikunja zile karatasi, akazikunja tena, akazitia mfukoni. Alisema tu kwamba alikuwa ameniamini. Afadhali angenitukana, afadhali angenirushia huo mguu wa shaba. Nilikwenda chooni nikalia, na ya huko siandiki.

Nimeachishwa. Brashi alishinda mchana kutwa anazibandua mbegu zangu kwa mswaki, na nilipokuwa nachukua vitu vyangu akasema pole, tena bila kebehi, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Baba mkwe akanirudisha nyumbani akiwa amebeba sufuria yake mwenyewe, kwa sababu mimi mikono ilikuwa imejaa vitu vyangu. Njiani akaniambia kuku hawana makuu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Sasa mimi ni mtu wa kuku. Nimetulia. Nimejitafakari sana kule bandani, mahali pana nafasi ya kutafakari, na nimekata kauli kwamba ujanja ujanja basi. Mke wangu ameanza kunisemesha. Anasema nanuka lakini nimekuwa mtu.

Tatizo dogo lilikuwa mayai. Mayai yetu ni meupe, na wateja siku hizi wanataka ya kahawia, wanasema ndiyo ya kienyeji. Baba mkwe alikuwa anarudi na trei zake vilevile, kainamisha kichwa, na mimi siwezi kumwona mzee anahuzunika baada ya yote aliyonitendea. Nikachukua trei nzima nikayachemsha kwa majani ya chai. Huo si uongo, ni rangi tu. Yametoka kahawia safi, ya kupendeza macho. Nikayarudisha kwenye viota, nikamwita aje aone kuku wake walichofanya.

Akayashika moja moja. Akasema kuku wamebadilika damu, akasema nina mkono wa baraka, akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba makumbusho yanapoteza muda wangu. Tena hatauza hata moja, kwa sababu mbegu kama hii ni ya kuendeleza. Ameyaatamisha yote kwa majike wawili. Vifaranga wakitoka, banda zima ni langu, na ameshawaambia ndugu zake wote waje kushuhudia.

Yai lililochemka halitoi kifaranga, hilo hata mimi najua. Lakini si la kunikosesha usingizi. Yai huatamiwa wiki tatu, na jirani wa nyuma ana vifaranga wa rangi nzuri kabisa, na ukuta wake haunifiki hata kifuani.