Kipimo cha Sukari Kinachonichongea kwa Mke Wangu

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Kisukari.

Dada Muuguzi,

YAH: KUOMBA KIPIMO KINGINE, CHENYE ADABU

Mimi ni yule fundi cherehani uliyemkabidhi kipimo cha sukari miezi miwili iliyopita, ukamwambia kitamsaidia. Naandika kwa heshima zote, na kwa vidole vilivyotobolewa, kukueleza jinsi kinavyonivunjia nyumba.

1. Hakina siri. Uliniambia nipime na niandike kwenye daftari. Hukuniambia kwamba chenyewe nacho kinaweka kumbukumbu. Kila asubuhi nilikuwa naandika sita, kwa mwandiko safi kabisa. Siku moja mke wangu akabonyeza kitufe cha pembeni, kikamwaga yote, hata ile kumi na nne ya harusi ya binti wa jirani. Wakati huo nilikuwa nimeshaapa kwamba keki niliiona kwa mbali tu.

2. Kimenigeuza mzururaji. Kila baada ya chakula cha mchana natolewa nje nitembee nusu saa. Dada Muuguzi, fundi huishi kwa amani na wateja wake kwa kutokutana nao. Sasa nakutana nao wote, kila kona, na kila mmoja anauliza gauni lake.

3. Tepu yangu ya kupimia nguo imehamia jikoni. Mke wangu anapimia sahani: nusu mboga za majani, robo maharage, robo wali. Nimemwomba auachie wali nafasi ya mshono, kama tunavyoiachia nguo itakayokuja kupanuliwa. Amekataa.

4. Hili ndilo kubwa. Kipimo ni kibovu, na ushahidi ninao. Jana nilijisahau na soda mbili, kwa hiyo leo asubuhi niliazima kidole cha shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kupaka rangi anayeishi kwetu. Sikumchagua ovyo. Huyu ni mtu mwenye afya yake: anapanda ngazi kutwa, hana kitambi, na suruali yake nimeipunguza kiunoni mara tatu ndani ya mwezi huu. Soda hagusi, anakunywa maji tu, jagi zima kwa mkao mmoja, na mwili wake unayasafisha vizuri, maana choo cha nyumbani sasa tunakipangia foleni nyuma yake. Kidole cha mtu kama huyo kilisoma kumi na tisa!

Mke wangu akadhani ni yangu. Laiti angefoka. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani akalia, akisema hataki siku moja aje kunitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yangu yamekwisha. Miaka ishirini na sita sijamliza, leo analizwa na kidude kisichozidi kiberiti. Niliona aibu, nikaja kukuandikia wewe badala ya kumwambia ukweli.

5. Kwa hiyo naomba nibadilishiwe. Nipewe kipimo kisicho na kumbukumbu, kisichojua kuhesabu kupita saba, na kinachofahamu kwamba harusini mtu ni mgeni, si mgonjwa.

Nisalimie daktari, na mlinzi wa getini, na yule dada wa mizani anayenivua viatu kila mwezi bila faida yoyote.

Wako mtiifu, ukiondoa siku za harusi,
Fundi Cherehani.

TANBIHI: Kabla sijafunga bahasha, shemeji ameniletea ile suruali niipunguze mara ya nne. Nimeiomba tepu jikoni, nikamzungushia kiunoni. Nimekumbuka bango la ukutani kwenu: kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, kukonda bila sababu. Huwa nalisoma kwenye foleni nikidhani linanisema mimi. Basi tumenawa mikono kwa sabuni, tukaikausha, tukapima upya mbele ya mke wangu. Mimi kumi, shemeji kumi na tisa na nusu. Nimekiri yote, pamoja na keki. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, dada yake akiwa amemshika mkono. Tafadhali usimwache aondoke kabla hajatibiwa. Kipimo changu msikiguse. Na kama mnacho kingine, naomba naye mumpe, chenye umbea uleule.