Uzinduzi wa Bomba la Mama Msafiri, Kwa Sumari

Mheshimiwa Diwani uliyewakilishwa, ndugu mwakilishi wa Diwani ambaye nasikia yuko njiani, Mshili, kiongozi wa ukoo wetu, wachungaji, mapadri na mashehe, wazee wa kahawa, akina mama wa ndizi, wasomi wetu wa Makumira, wadau wa maendeleo kutoka Njiro mliokuja na magari yenu wenyewe, waandishi wa habari wote wawili, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamzingatia anyooshe mkono izingatiwe upya. Shikamooni wazee. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalamu aleikum. (Makofi. Mzee mmoja ananyoosha mkono, anazingatiwa.)

Ndugu wananchi, mimi Abdiel Naftali Anande, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Usalama wa Vinywaji na Vitafunwa vya Mama Mjamzito Awapo Safarini, nasimama hapa kwenye kituo cha mabasi cha Kwa Sumari nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo tulifanya kwanza feasibility study kujiridhisha kama inafaa, na wataalamu wakasema inafaa, kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi.)

Tulijiuliza kama kamati, kwenye warsha ya siku nne yenye chai na sambusa: mama mwenye mimba anapotoka hapa kwenda mbali, anakunywa nini, anakula nini? Tukagundua kwamba tumbo la mama mjamzito lina stakeholders wawili. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hiyo imo kwenye roadmap. Maji machafu yakimharisha mama, mtoto naye anaumwa. Ndiyo maana tukaazimia kwa kauli moja kwamba mama anywe maji yaliyochemshwa, au ya chupa ambayo ameifungua kizibo kwa mkono wake mwenyewe. Ale chakula kinachotoka jikoni kinafuka moshi. Ndizi na chungwa amenye mwenyewe baada ya kunawa. Maziwa yasiyochemshwa ayaache, hata kama ng'ombe anamfahamu kwa jina. Na ile kachumbari ya njiani inayoshinda juani aiangalie tu kwa macho kisha apande basi. (Sauti ya mama lishe: “Yangu haishindi juani!”) Mama, wewe hujatajwa. Umeguswa tu kisera.

Sasa, ndugu zangu, kutoka kwenye maazimio tukaenda kwenye utekelezaji, na utekelezaji ndio huu mnaouona umefungwa utepe mwekundu: bomba la kisasa, lenye koki ya kung'aa, lenye sustainability, litakalompa kila mama msafiri maji salama usiku na mchana, masika na kiangazi, kuanzia hapa chini ya Mlima Meru mpaka atakapofika aendako. (Vigelegele.) Sipendi kujisifu, na kamati inajua ninavyoumia ninapolazimika, lakini bila mimi hapa pangekuwa pakavu.

Naomba sasa binti yetu Nice asogee mbele. Huyu ni mke wa Lesian, mnamfahamu, ana mimba ya kwanza, na kwa desturi zetu anakwenda kujifungulia kwa mama yake, Singida. Basi lake linapita hapa wakati wowote. Namwona ana hotipoti ya ndizi na chupa kubwa ya maji aliyochemshiwa alfajiri na mama mkwe wake, Elinipa. Mama Elinipa, hongera. Lakini Nice, mwanangu, leo mradi umefika. Mtu hawezi kupigwa picha ya uzinduzi huku amekumbatia maji ya nyumbani. Namwomba mbele ya kadamnasi ayamwage, achukue glasi hii niliyoishika, anywe, na ajaze chupa yake humu humu kwa safari nzima. (Makofi machache. Elinipa anasimama.)

(Nice, chupa kifuani: “Shikamoo baba. Naomba kuuliza, haya yamechemshwa?”)

Marahaba mwanangu. Swali zuri sana. Yamejadiliwa. (Kicheko kikubwa.) Yamejadiliwa kwa kina katika ngazi zote, na hakuna mjumbe aliyeyapinga. (Nice anabaki na chupa yake. Elinipa anamwambia asithubutu kumwaga hata tone.) Mama Elinipa, tusiingize upinzani kwenye uzazi. Mpiga picha, subiri kidogo.

Wakati binti yetu anatafakari, na basi nasikia linapiga honi kule kwenye kona, nimalizie kwa kaulimbiu yetu, muitikie kwa sauti. Nikisema “Mama safarini!” mnasema “Maji salama!” Mama safarini! (Maji salama!) Chakula cha moto! (Mama safarini!) Mmechanganya, lakini moyo mnao.

Nitoe shukrani. Kwanza kwa kwaya ya usharika, kwa turubai. Pili kwa kamati ya harusi ya Jackline, kwa utepe, ambao tutaufungua taratibu bila kuukata kwa sababu Jumamosi unahitajika. Kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Solomoni, aliyeng'oa bomba hili bafuni kwake, akalichomeka hapa ardhini kwa mikono yake, na jioni atakuja kulichukua maana familia yake haijaoga. Mzee Solomoni huyo huyo ndiye aliyetuchotea maji ya glasi hii kutoka kwenye mfereji wa shamba lake la kahawa, chini kidogo ya pale ng'ombe wanaponywea. (Kicheko kirefu. Elinipa amekwisha kubeba begi la Nice.)

Na mwisho nakushukuru wewe Nice, kwa subira yako. Safari njema, umsalimie mama, ujifungue salama. Ila kabla hujapanda, mwanangu, nimesimama hapa juani tangu asubuhi na koo limenikauka kabisa. Nigawie nusu kikombe cha hayo ya Mama Elinipa.