Wanaoziba Pua Mbele ya Birika

Gazeti lilikuwa la juzi, tena lilishafungiwa sukari kabla ya kufika kijiweni, lakini Wakili alilisoma kana kwamba wino wake haujakauka.

"Sikilizeni jamani. 'Tamthilia ya masikioni yavuma katikati ya mji. Familia zamiminika.'"

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa fundi saa, na jina alilipata kwa sababu hakuna hoja iliyowahi kupita mbele yake bila kukatiwa rufaa. Pembeni yake aliketi Babu Bado, mstaafu wa posta, ambaye ukimuuliza lolote jibu lake la kwanza ni "bado". Ncha ya benchi ilikuwa ya Kipaza, fundi viatu, mtu ambaye akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanaitikia. Na mbele yao wote, nyuma ya jiko la mkaa na birika mbili, moja ya kahawa na moja ya tangawizi, alikaa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila kila mtu alimwita hivyo, hata Babu Bado aliyemzidi umri kwa mbali.

"Endelea," alisema Kipaza, na njiwa wawili wakaruka kutoka kwenye paa la benki ya zamani.

"'Unapewa hedifoni na kiredio kidogo cha kuvaa shingoni. Unatembea mwenyewe na wanao, na masikioni waigizaji wanakusimulia yaliyotokea pale unapopita. Hapa palikuwa na lango, inama. Hapa palipita mto, ogelea. Burudani safi kwa wakubwa na wadogo.'"

"Kumbe ndio wale," alisema Babu Bado.

"Wale gani?"

"Wanaokuja kutuzibia pua."

Benchi lilinyamaza, na benchi lile kunyamaza ni habari ya kuandikwa gazetini. Ilikuwa wiki ya pili sasa. Familia zilichomoza pale kwenye kona, masikio yamefunikwa, zikaiinamia nguzo ya umeme kwa heshima zote, zikavuka barabara kwa kupiga mbizi hewani, halafu zikaja kusimama mbele ya kijiwe na kuziba pua. Baba anaziba, mama anaziba, wa mgongoni anazibwa na dada yake. Nani atakunywa kahawa mahali ambapo watu wanaziba pua? Makarani wa ofisi za jirani walianza kuzungukia mtaa wa nyuma. Kila jioni Shangazi alimwaga kahawa mtaroni, na kahawa ile ilimuuma kuliko jino.

"Kwa hiyo kile kidude kinawaambia tunanuka," alisema Kipaza.

"Kinawaambia, tena kwa sauti ya mwigizaji," alisema Wakili. "Hii ni kashfa. Ukinitukana kwa mdomo, tunaweza kusuluhishana. Ukinirekodi, ukaniwekea na muziki, hapo umenidhamiria."

"Lisemwalo lipo," alisema Babu Bado.

"Babu, uko upande gani?"

"Mimi nauliza tu. Watu wazima wasiojuana, kila mmoja na hedifoni yake, wote wanazibia pua palepale. Sasa anayenuka ni nani?"

Macho yote yalimgeukia Kipaza, na Kipaza aliyaona yakija.

"Mnaniangalia nini?"

"Gundi," alisema Wakili.

"Gundi ya viatu si harufu, ni taaluma. Na ninyi mnaonisema, nyani haoni kundule. Babu, hilo koti la posta umelifua lini?"

"Bado."

"Umestaafu mwaka gani?"

"Usibadilishe mada."

"Na Wakili, vua kiatu tuone. Vua. Si unapenda ushahidi?"

"Soksi zangu hazijaletwa mbele ya baraza hili," alisema Wakili, akavuta miguu chini ya benchi kwa haraka ya mtu mwenye kesi.

Ukaguzi ulifanyika hata hivyo. Kipaza alinusa koti, akapiga chafya mara nne. Babu Bado alinusa mikono ya Kipaza, akaomba maji. Wakili alikataa kunuswa mpaka apewe sababu kwa maandishi. Shangazi aliwatazama wanaume watatu wenye wajukuu wakinusana kwapani mchana kweupe, na siku nyingine angecheka mpaka akapaliwa na moshi. Leo hakucheka. Alikuwa na neno moyoni tangu asubuhi, na kila alipotaka kulitoa lilirudi chini.

"Wanakuja," alisema Babu Bado.

Walikuja kweli. Baba mrefu mwenye kofia, mkewe, binti wa kama miaka tisa, na mdogo wa kiume aliyevaa hedifoni kubwa kuliko kichwa. Waliinamia nguzo. Wakaogelea barabara, na bodaboda mmoja akawapisha kana kwamba mto anauona. Wakaja kwa kunyata mpaka mbele ya benchi, wakasimama mstari mmoja, wakaziba pua.

Kipaza alisimama. Alikuwa tayari amenuswa siku hiyo, na kunuswa kuna kikomo chake.

"Nyie," alinguruma. "Tumewakosea nini? Nani ananuka hapa? Njoo uninuse mwenyewe kama wewe mwanaume. Mnatoka kwenu kuja kutuzibia pua kwetu, mmetuona sisi jalala? Tokeni hapa. Tokeni kabla sijavua ndara."

Akavua ndara kabla hawajatoka. Familia ilitawanyika kama kuku waliomwagiwa maji, Kipaza nyuma yao na ndara hewani, tumbo linamtangulia, mpaka kwenye kona. Yule mdogo alikimbia mdomo wazi, meno nje, na kwa mbali Shangazi hakuweza kujua kama analia au vipi. Makarani wawili waliokuwa wakija na vikombe vyao walisimama, wakatazamana, wakageuza.

Kipaza alirudi akihema kama mvukuto, uso umeng'aa. "Nimewakomesha. Kila siku nawakomesha."

"Kweli," alisema Shangazi. "Jumatatu nahamia stendi."

Alilisema polepole, huku anafuta kikombe kilichokuwa kikavu tayari.

"Mdogo wangu amenipatia nafasi kule. Watu wengi, kahawa inaisha saa tatu. Mimi siishi kwa soga zenu, jamani. Mwapenda kukaa, nami napenda mkae, ila ninyi watatu mnakunywa kikombe kimoja kimoja mpaka adhuhuri. Wa kuniweka mjini ni wapita njia, na wapita njia hawapiti."

"Stendi hakuna benchi," alisema Babu Bado, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hakuna."

"Watu wanakunywa wamesimama."

"Wanakunywa, wanaondoka."

"Sasa hiyo ni kahawa au dawa?"

Wakili alikunja gazeti. Alitafuta kifungu cha kumzuia Shangazi, hakukipata. Ukweli ni kwamba Shangazi hakutaka kwenda. Kona ile aliianza mwaka alioondokewa na mumewe, alipokuwa hawezi kukaa nyumbani kutazama kuta, na hawa wapuuzi watatu ndio waliomjia siku ya kwanza wakaanza kubishana kama jiwe linakua. Wamemwudhi kila siku tangu hapo, na hakuna siku aliyoamka hataki kuwaona. Lakini kuwapenda watu hakununui mkaa.

"Kuna kitu kimeanguka," alisema Babu Bado, akionyesha kwa fimbo.

Pale familia iliposimama, chini, palikuwa na hedifoni na kiredio chake. Ilimponyoka baba mrefu katika mbio zile. Kipaza aliiokota kwa vidole viwili, kama panya.

"Huu ndio ushahidi," alisema Wakili, macho yamewaka. "Lete. Mimi fundi, vitu vidogo ni vyangu." Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Nimeirudisha nyuma, nadhani itaanzia wanapofika hapa kwetu. Kipaza, wewe ndiye shahidi. Vaa, utuambie neno kwa neno."

Kipaza akavaa. Na mtu mwenye hedifoni hajisikii, basi Kipaza asiyejisikia ni balaa. Mtaa mzima ulipata tamthilia bila kiingilio.

"Anaongea mwanamke," alitangaza. "Ana sauti nzuri. Anasema, 'Simama hapa, rafiki yangu mdogo. Mahali hapa zamani palikuwa na mashimo ya kulowekea ngozi.' Kuna mbuzi wanalia. Kuna mtu anakohoa. Anasema ngozi zilioza, uvundo ukafika mpaka kwa mkuu wa mji, akatapika kwenye kofia."

"Zamani," alisema Wakili. "Amesema zamani? Andikeni hilo."

"Anasema, 'Oh, uvundo gani huu. Ziba pua, haraka.'"

Na Kipaza, bila kujijua, akaziba pua.

Wenzake walimtazama. Fundi viatu mzima, kidole na gumba puani, amesimama palepale waliposimama wote aliowakimbiza. Babu Bado alikohoa ili asicheke. Halafu uso wa Kipaza ulibadilika. Mdomo ulifunguka, ukafunga. Mkono ulishuka polepole kutoka puani. Alivuta pumzi ndefu, akageuza kichwa kuelekea jikoni, akamtazama Shangazi, akatazama birika, na hakutangaza chochote tena.

"Anasemaje?" aliuliza Wakili. "Shahidi, usinyamaze."

Kipaza alivua hedifoni, akaketi. Alipofungua mdomo, ilitoka sauti ndogo ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia.

"Shangazi, njoo usikilize mwenyewe."

"Niambie."

"Siwezi."

Shangazi alijifuta mikono, akavaa. Wakili alibonyeza tena. Akasikia mbuzi, akasikia kikohozi, akasikia uvundo na kuziba pua, na baadaye upepo kidogo. Kisha yule mwanamke mwenye sauti nzuri akasema kwa upole: "Sasa achia pua. Usiogope, vuta pumzi. Unasikia harufu? Ngozi zimeondoka miaka mingi, na badala yake kuna kahawa. Muone yule mama mwenye birika. Kahawa yake ndiyo inayoufanya mtaa huu unukie. Mwendee, umwombe kikombe, na watoto waombe tangawizi. Pumzika kwenye benchi. Tutaendelea ukimaliza."

Shangazi alisimama, hedifoni kichwani, juu ya kitambaa chake. Macho yalimlowa, naye akayaacha.

"Wamesema nini?" aliuliza Babu Bado.

"Wanawaambia waje kunywa," alisema Shangazi. "Kila mmoja wao anaambiwa aje anywe. Wakishaziba pua tu, kinachofuata ni mimi."

"Na wakishaziba pua tu…" alianza Wakili, akaishia hapo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukata rufaa.

Wote watatu walitazama ndara ya Kipaza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Babu Bado.

"Babu, naomba usinimalizie," alisema Kipaza kwa ile sauti ndogo. "Shangazi, wiki mbili nimefukuza wateja wako kwa mkono wangu. Nilidhani nakutetea. Nipige."

Kabla Shangazi hajaamua ampige na nini, yule baba mrefu alichungulia kwenye kona. Alikuja kwa tahadhari, mkewe nyuma, watoto wamemshika shati.

"Shikamooni. Samahani, nimeangusha kifaa."

"Karibuni, karibuni sana," alisema Kipaza, akasimama na kuinama mpaka tumbo likamzuia. "Marahaba. Kaeni, tafadhali. Poleni kwa usumbufu. Mtoto mzuri, hujambo? Njoo ukae kwa babu."

Yule mdogo alimkodolea macho. Midomo ilianza kutetemeka, na kilio kilichofuata kilikuwa cha kweli, cha machozi na kamasi.

"Kuna nini tena?" aliuliza Shangazi. "Hajakufanya kitu."

"Ndiyo maana analia, shangazi," alisema binti. "Mbona amekuwa mpole? Darasani kwetu kila mtu ameshafukuzwa na huyu babu. Wanasema kwenye matembezi yote hapa ndipo pazuri kuliko pote. Mdogo wangu amekuja kwa ajili yake tu."

Baba mrefu alicheka kwa haya. "Mwigizaji wenu ni hatari, kweli tena. Tangu tulipoanzia tumesikia sauti tu, na waliotutangulia walituambia tusubiri mpaka tufike kwa yule mwenye ndara. Ila anatufukuza upesi mno. Hatukuwahi kusikia kinachofuata."

"Sisi si waigizaji," alisema Wakili kwa heshima iliyojeruhiwa. "Sisi ni wakazi."

"Anataka kufukuzwa tena," binti alisisitiza, akimtikisa mdogo wake, ambaye kilio chake kilizidi.

Shangazi alitazama mtoto, akatazama benchi, akatazama kona. Nyuma ya nguzo ya umeme familia nyingine mbili zilikuwa zinainama, na nyuma yao wanafunzi na mwalimu wao, na wote, kabla ya mto, walikuwa wakinyoosha shingo kumtafuta Kipaza. Alijifunga kanga upya kiunoni.

"Sikilizeni," alisema. "Hapa hafukuzwi mtu tumbo tupu. Mkubwa anakunywa kahawa, mdogo anakunywa tangawizi, anakaa kwenye benchi kama alivyoambiwa na yule mama wa masikioni. Akimaliza, anafukuzwa. Wakili, osha vikombe. Babu, sogea wageni wakae."

"Bado…"

"Babu."

Babu akasogea. Baba mrefu akaketi, na mkewe akavuta harufu ya kahawa na kufumba macho. Mdogo alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa tangawizi kwa pupa huku jicho moja liko kwenye miguu ya Kipaza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Wakili, mikono imezama kwenye beseni.

Kipaza alikuwa amesimama pembeni, hajui aweke wapi mikono yake. "Shangazi, mimi siwezi. Nina haya. Hasira zote zimeniishia."

"Zitafute."

"Nitazipata wapi?"

"Babu amesema kiatu ulichomshonea kimeachia tena soli."

"Nani amesema?" alinguruma Kipaza, na njiwa wakaruka, na mdogo akaweka kikombe kitupu chini akaanza kukimbia kwa furaha kabla ndara haijavuliwa.

Ilipofika jioni hapakuwa na tone la kumwaga mtaroni. Kipaza alikaa kwenye ncha yake ya benchi, sauti imemkauka, ndara imekatika kamba, akimtazama Shangazi akizima jiko.

"Shangazi," alisema kwa taabu. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu uje mapema," alisema Shangazi. "Na uje umenuna."